Nani Amerithi Kazi ya Msimulizi? Riwaya ya Ivanhoe Katika Runinga

Si jambo geni katika shule zetu za upili kuwaona wanafunzi wamejaa ukumbini wakitazama kitabu kiteule kikiigizwa jukwaani, au wameizunguka runinga wakitazama video yake. Wahusika waliokuwa majina tu kitabuni sasa wana sura, sauti na mwendo. Darasa hucheka, hunyamaza, na baadaye hukumbuka. Mwalimu naye hushukuru, kwa kuwa mwanafunzi aliyekuwa akisinzia juu ya ukurasa wa tatu sasa anataka kujua hadithi inaishia wapi.

Tatizo huja wakati wa kusahihisha. Mtahiniwa mmoja anataja tukio ambalo halimo kitabuni. Mwingine anampa mhusika maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Wa tatu, ambaye ndiye anayetuhusu zaidi, anayataja matukio yote kwa usahihi lakini anakosa maana, kwa sababu maana hiyo ilikuwa katika sauti ya msimulizi, na msimulizi hakupanda jukwaani. Huyu wa tatu hakudanganywa na waigizaji. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kutazama na kusoma ni kazi mbili tofauti.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kutumia riwaya ya kigeni: Ivanhoe ya Sir Walter Scott, mwandishi wa Skotilandi. Huenda ukauliza, msomaji, kwa nini tuende mbali kiasi hicho. Sababu ni mbili. Kwanza, riwaya hii imegeuzwa kuwa maigizo, opera, filamu na tamthilia za runinga kwa zaidi ya miaka 200, kwa hivyo tunaweza kulinganisha mikono kadhaa iliyoshika kitabu kimoja. Vitabu vyetu vingi teule havijapata nafasi hiyo. Pili, haimo katika orodha ya mtihani wa Kiswahili. Tunaweza kuichunguza bila pupa ya kutafuta majibu, kisha mbinu tutakayoipata tukaitumia kwa vitabu vyetu.

Hoja yangu ni hii: riwaya inapogeuzwa kuwa tamthilia ya runinga, swali la kwanza la mhakiki lisiwe ni matukio mangapi yamebakizwa. Liwe, kazi iliyokuwa ikifanywa na msimulizi imepewa nani? Na kama haikupewa mtu, ni nini kilichopotea?

Riwaya yenyewe kwa ufupi

Ivanhoe ilichapishwa Desemba 1819, ingawa ukurasa wake wa jina una mwaka 1820. Scott hakuweka jina lake. Alijitambulisha tu kuwa mwandishi wa Waverley, riwaya yake ya 1814. Kitabu kina sura 44.

Mandhari ni Uingereza ya mwaka 1194. Mfalme Richard, aliyetekwa akirejea kutoka vita vya msalaba, anatarajiwa kurudi. Ndugu yake, John, anatamani kiti. Nchi imegawanyika: Wanormani waliokuja kutoka Ufaransa na kuishinda nchi mwaka 1066 ndio mabwana, nao Wasaksoni wenyeji wananung'unika. Wilfred wa Ivanhoe ni kijana wa Kisaksoni aliyefukuzwa na babake, Cedric, kwa kumfuata mfalme wa Kinormani na kumpenda Rowena, msichana ambaye Cedric alikuwa akimlea ili aolewe na Athelstane, mtu wa ukoo wa wafalme wa Kisaksoni.

Pembeni mwa ugomvi huo wa mataifa mawili kuna watu ambao hawana upande: Isaac wa York, Myahudi mkopeshaji pesa, na bintiye Rebecca, mjuzi wa tiba. Wanormani wanawadhulumu, na Wasaksoni wanawadharau. Msomaji anayejua historia hatalipita jina la mji wa York bila kushtuka, kwa kuwa Machi 1190, miaka minne tu kabla ya wakati wa riwaya, Wayahudi wa mji huo waliangamia wakiwa wamezingirwa katika mnara wa ngome. Rebecca anatekwa na Brian de Bois-Guilbert, mpiganaji wa Templari, shirika la watawa waliobeba silaha. Baadaye anashtakiwa kwa uchawi, na kesi yake inaamuliwa kwa pigano: akipata mtu wa kumpigania na mtu huyo akashinda, atakuwa hana hatia, la sivyo, atachomwa moto.

Kutoka ukurasani hadi kwenye kioo

Haikupita miaka mingi. Mwaka 1820 wenyewe, majumba ya maigizo ya London yalikuwa tayari yakionyesha tamthilia zilizotokana na Ivanhoe. Mwaka 1829 Mjerumani Heinrich Marschner alitunga opera ambayo jina lake, kwa Kiswahili, ni Mtemplari na Mwanamke wa Kiyahudi. Tazama jina hilo vizuri. Ivanhoe ameondolewa mlangoni! Mtunzi aliona mapema kwamba mgogoro mkali zaidi wa kitabu hauko kwa mhusika aliyekipa jina, bali uko kati ya Rebecca na mtekaji wake.

Mwaka 1952 kampuni ya MGM ilitoa filamu iliyoelekezwa na Richard Thorpe, Robert Taylor akiwa Ivanhoe na Elizabeth Taylor akiwa Rebecca. Hii ni filamu ya sinema, lakini ndiyo iliyowafunza watazamaji wengi jinsi ya kuitarajia hadithi hii, kwa hivyo nimeiweka katika ulinganisho. Runinga ilifuata mwaka 1958 kwa mfululizo wa vipindi 39, Roger Moore akiwa Ivanhoe. Mfululizo huo ulichukua jina na mandhari, kisha ukabuni visa vipya ambavyo Scott hakuviandika. Kila kipindi shujaa anamkuta mnyonge anayeonewa na kumtetea. Mwaka 1982 ikatoka filamu ya runinga iliyoelekezwa na Douglas Camfield. Anthony Andrews aliigiza Ivanhoe, Olivia Hussey akawa Rebecca na Sam Neill akawa Bois-Guilbert. Nchini Uswidi filamu hiyo imependwa kiasi kwamba kwa miaka mingi kuitazama Siku ya Mwaka Mpya kumekuwa desturi. Mwaka 1997 BBC ilitoa tamthilia ya sehemu sita, Ciarán Hinds akiwa Bois-Guilbert na Susan Lynch akiwa Rebecca.

Hatutazihakiki zote neno kwa neno. Tutachukua mahali pachache kitabuni ambapo msimulizi anafanya kazi nzito, na kuuliza kamera itafanyaje hapo.

Sura iliyofichwa

Mwanzoni mwa riwaya anaingia hujaji aliyejifunika, katika nyumba ya Cedric. Baadaye, katika mashindano ya mikuki ya Ashby, anatokea mpiganaji aliyevaa deraya na kofia ya chuma, asiyetaja jina lake. Msimulizi anajua ni nani. Anatunyima jina hilo kwa makusudi hadi sura ya 12, kofia inapovuliwa mbele ya Rowena na babake kijana yuko pale. Hiyo ni taharuki inayojengwa kwa kunyamaza.

Sasa jiulize: runinga itamfichaje mtu ambaye mtazamaji alimwona kwenye tangazo la kipindi? Hujaji akiinua uso tu, mtazamaji anamtambua mwigizaji. Filamu ya 1952 haikujisumbua na siri hiyo. Inaanza na Ivanhoe mwenyewe akimtafuta mfalme wake aliyefungwa huko Austria, na tangu hapo tunajua yeye ni nani na anataka nini, yaani kukusanya fidia ya kumkomboa Richard.

Je, hilo ni kosa? La. Ni mabadiliko ya mbinu. Katika riwaya, sisi na Cedric hatujui. Tunashangaa pamoja naye. Katika filamu, sisi tunajua na Cedric hajui; tunamtazama akila chakula chumba kimoja na mwanawe bila kumtambua. Taharuki imegeuka kuwa kinaya. Mtahiniwa anayeulizwa jinsi mwandishi anavyojenga taharuki katika sura za mwanzo, naye akajibu kwa kumbukumbu ya filamu, atajadili kinaya ambacho mwandishi hakukiweka pale. Kila alichokiona kilikuwa cha kweli, lakini hakikuwa cha Scott.

Dirisha la Torquilstone

Mahali pa pili ni sura ya 29, na ningemwomba kila mwalimu wa fasihi aisome hata kama hana nia ya kukimaliza kitabu. Ngome ya Torquilstone imezingirwa. Locksley na wapiga mishale wake wanaishambulia, wakiongozwa na mpiganaji mwenye deraya nyeusi. Ndani, Ivanhoe amelala kitandani kwa majeraha aliyoyapata Ashby. Hawezi kusimama. Rebecca, ambaye amekuwa akimtibu, anasimama dirishani akijikinga kwa ngao, na kumweleza anachokiona.

Tafakari mpangilio huo. Vita vikubwa zaidi vya riwaya vinatujia kupitia kinywa cha mwanamke asiyebeba silaha, naye shujaa aliyekipa kitabu jina lake amelazwa, anasikiliza. Na katikati ya habari hizo wawili hao wanabishana. Ivanhoe anatamani kuwa nje. Kwake, maisha bila sifa ya vita si maisha. Rebecca anamuuliza hiyo sifa inamwachia nini aliyekufa, na kama inastahili damu na machozi yanayoilipia. Ivanhoe anajibu kwa ukali kidogo kwamba yeye, kwa kuwa si wa tabaka na dini ya mashujaa, hawezi kuelewa. Jibu hilo linamuumiza kuliko mshale wowote unaopita dirishani.

Kwa hivyo dirisha lina kazi mbili. Linatupa habari za vita, na wakati huohuo linavihukumu vita hivyo. Mwandishi amemkabidhi Rebecca kazi ya msimulizi kwa muda, na kwa kufanya hivyo amempa mamlaka ambayo hakuna mhusika mwingine anayo.

Mwelekezi wa runinga anapofika hapa ana kishawishi kikubwa. Ana farasi, ana ngazi, ana waigizaji wa ziada wenye mishale. Mtazamaji ameketi akisubiri vita. Nani atamwonyesha mtu akitazama dirishani? Filamu ya 1952 iliamua upande wa vita waziwazi. Ivanhoe wake hakulazwa asikilize. Yumo katika pambano. Matokeo yake ni dakika kadhaa za msisimko, na watazamaji walizipenda. Lakini hoja ya Rebecca haina tena pa kusimama. Huwezi kuuliza thamani ya sifa ya vita mbele ya mtu aliye katikati ya kuipata, muziki ukimshangilia.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya fani hizi mbili. Ukurasa unaweza kusimulia vita na kuvitilia shaka katika sentensi moja. Kamera inapoonyesha vita vizuri, huvitukuza hata bila kukusudia. Mwelekezi anayetaka kuibakiza shaka ya Rebecca lazima aitafutie mahali: arudi kwenye uso wake kati ya mapigo, au aikate sauti ya nje, au ayaache mazungumzo yamalizike kabla ya kutuonyesha ngome ikiteketea. Lolote atakalochagua, alichague akijua kwamba anamrithisha mtu kazi ya msimulizi.

Kifo kisicho na jeraha

Tufike sasa sura ya 43, ambako hatari ya kujibu mtihani kwa kumbukumbu ya runinga ni kubwa zaidi.

Rebecca ameketi karibu na kuni atakazochomewa. Bois-Guilbert, aliyemteka kwa tamaa na kisha kumpenda kwa namna yake ya kiburi, amelazimishwa na shirika lake awe mpiganaji wa upande wa mashtaka. Akishinda, Rebecca anakufa. Akikataa, yeye mwenyewe ameaibika. Ivanhoe anafika akiwa hajapona, farasi wake amechoka hoi. Wanakutana. Farasi wa Ivanhoe anaanguka, kama kila mtu alivyotarajia. Lakini Bois-Guilbert, ambaye mkuki wa Ivanhoe haukumgusa kwa nguvu, anayumba naye anaanguka. Wanapomvua kofia, wanamkuta anakata roho.

Amekufa kwa nini? Msimulizi anasema ameuawa na mapambano ya hisia zake mwenyewe. Mkuu wa Templari, ambaye ndiye aliyeendesha kesi, anatangaza kuwa ni hukumu ya Mungu. Maelezo hayo mawili yamewekwa karibukaribu, na Scott hasemi zaidi. Msomaji anaachwa na kinaya kizito: mfumo wa kuamua kesi kwa upanga umetoa jibu sahihi, lakini upanga haukutoa jibu hilo. Rebecca ameokoka, na nguvu za shujaa hazikumwokoa. Riwaya iliyojaa mikuki inaishia kusema kwamba mkuki si ushahidi.

Sasa fikiria kumwonyesha mtazamaji kifo hicho. Mtu anaanguka bila kupigwa. Mtazamaji atadhani ameugua ghafla, au kwamba mwelekezi amekosa pesa za kumalizia pigano. Msimulizi hayupo kumweleza. Kwa hivyo wageuzaji wamekimbilia suluhisho tofauti.

Filamu ya 1952 ilichagua pigano kamili, la shoka na rungu la mnyororo, na Bois-Guilbert anauawa na Ivanhoe. Kabla ya kukata roho anamwambia Rebecca kwamba anampenda. Pigano hilo linavutia macho. Lakini maana imepinduliwa. Sasa mwenye haki ameshinda kwa kuwa ni hodari, na yule mkuu wa Templari alikuwa na haki kuamini kwamba mapigano yanaweza kuonyesha ukweli. Kile riwaya ilichokitilia shaka, filamu imekithibitisha.

Filamu ya runinga ya 1982 ilifanya jambo la busara zaidi. Bois-Guilbert anaelekea kushinda. Ivanhoe amechoka na hana tena nguvu. Ndipo Mtemplari anamtazama Rebecca, anashusha upanga wake, na kumwacha Ivanhoe amuue. Kifo cha ndani kimefanywa kitendo cha nje. Kile ambacho Scott alikieleza kwa sentensi ya msimulizi, mwigizaji Sam Neill anakieleza kwa macho na mkono. Tukio limebadilishwa, lakini chanzo cha kifo kimebaki palepale: ndani ya Bois-Guilbert.

Hata hivyo, msomaji, tusiharakishe kupiga makofi. Suluhisho hilo lina gharama yake. Bois-Guilbert wa kitabuni hachagui kufa. Hadi dakika ya mwisho amegawanyika kati ya kiburi na upendo, na mgawanyiko huo ndio unaomvunja. Bois-Guilbert wa 1982 anachagua, na kwa kuchagua anajitakasa. Mtazamaji anatoka akimlilia. Ni rahisi kusahau kwamba mtu huyuhuyu ndiye aliyemteka Rebecca, ndiye aliyemfuata hadi juu ya mnara akitaka kumlazimisha, hata Rebecca akasimama ukingoni tayari kujirusha kuliko kuguswa, na ndiye aliyempeleka mahali ambako angeshtakiwa. Tamthilia inapompa mdhalimu kifo kizuri, mhakiki hana budi kuuliza ni nani aliyelipa gharama ya uzuri huo.

Wageuzaji wana haki gani?

Isidhaniwe kwamba ninaitetea riwaya dhidi ya runinga kila mahali. Kuna yale ambayo kamera huyafanya vyema kuliko kalamu, na yale ambayo mwandishi mwenyewe angefaa kuyapunguza.

Mfano mzuri ni Gurth, mchunga nguruwe wa Cedric. Katika sura ya kwanza msimulizi anaeleza kwa maneno mengi kwamba shingoni ana mkanda wa shaba uliounganishwa usiweze kuvuliwa, wenye maandishi ya kumtaja kuwa mtumwa wa Cedric. Kamera inaweza kusema hayo yote kwa picha moja, kisha ikaendelea kutuonyesha mkanda huo kila Gurth anapoinama au kukimbia. Na Cedric, ambaye analalamika kila siku kwamba Wanormani wamewanyang'anya Wasaksoni uhuru wao, angezungumza huku nyuma yake amesimama mtu aliyefungwa mkanda. Kinaya hicho kimo kitabuni, lakini msomaji mvivu hukisahau baada ya kurasa chache. Mtazamaji hawezi kukisahau.

Vilevile mazungumzo ya Gurth na Wamba, mchekeshaji wa Cedric, katika sura hiyohiyo. Wamba anamweleza mwenzake kwamba mnyama akiwa hai, akihitaji kulishwa na kuchungwa, huitwa kwa jina la Kisaksoni. Akishapikwa na kupelekwa mezani kwa mabwana, huitwa kwa jina la Kifaransa. Hili ni somo zima la isimujamii kinywani mwa mchekeshaji. Liko katika umbo la mazungumzo tayari. Mwandishi wa tamthilia anahitaji tu kulinakili. Akiliacha kwa sababu halina upanga, ameacha ufunguo wa maudhui ya utawala na lugha.

Kwa upande mwingine, kuna Athelstane. Anapigwa katika vita vya Torquilstone, anadhaniwa amekufa, kisha anaibuka hai katika matanga yake. Scott mwenyewe alikiri kwamba alimfufua kwa sababu rafiki yake mchapishaji alimsihi sana. Mgeuzaji anayeliondoa tukio hilo hawezi kulaumiwa. Amemfanyia mwandishi hisani.

Sisi wenyewe tunaijua haki hii ya kugeuza. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, ambayo iliwahi kuwa kitabu kiteule, imejengwa juu ya kisa cha kale cha Fumo Liyongo. Jina la shujaa limebadilika likawa Mwelusi, na kisa cha pwani kimebebeshwa maudhui ya utawala wa kidikteta na kupigania uhuru. Hakuna mwalimu anayemkosoa mwandishi huyo kwa kutofuata kisa cha asili hatua kwa hatua. Tunamuuliza amekifanyia kisa hicho nini. Tuwaulize waelekezi wa runinga swali hilohilo, kwa haki hiyohiyo.

Kuaga kwa Rebecca

Mahali pa mwisho ni sura ya 44. Harusi ya Ivanhoe na Rowena imekwisha. Mtazamaji wa kawaida anaona hadithi imefika tamati. Scott hajamaliza. Rebecca anakuja kumwona Rowena faraghani. Anamshukuru mumewe kupitia kwake, anamwachia kasha la vito, na kumwambia kwamba yeye na babake wanahama kwenda Granada, kwa kuwa Uingereza si nchi salama kwa watu wao. Rowena anamwomba abaki na abadilishe dini. Rebecca anakataa kwa upole. Atatumia maisha yake kuwauguza wagonjwa na kuwasaidia wahitaji.

(Msomaji makini atagundua jambo hapa. Mfalme wa Granada anayetajwa, Boabdil, aliishi karne ya 15, takriban miaka 300 baada ya Richard. Scott alikuwa mtunzi kabla ya kuwa mwanahistoria, na wageuzaji wakikosea mavazi au silaha, hawakuwa wa kwanza.)

Wasomaji wengi wa wakati huo walitaka Ivanhoe amwoe Rebecca. William Thackeray aliandika mwendelezo wa kichekesho, Rebecca and Rowena, uliotoka 1850, akiwapa walichokitaka. Scott naye, katika utangulizi wa 1830, alijibu kwamba chuki za zama hizo zisingeruhusu ndoa hiyo, na kwamba si vyema kuwafundisha vijana kuwa kila wema hulipwa kwa mafanikio ya dunia.

Mkutano huo hauna farasi wala moto. Ni wanawake wawili chumbani. Kwa runinga, ni rahisi kuukata na kumalizia kwa harusi au kwa mfalme akishangiliwa. Lakini ukikatwa, riwaya inabaki hadithi ya mataifa mawili yaliyopatana. Ukibakizwa, tunaona kwamba mapatano hayo yana mtu ambaye hayakumhusu. Wanormani na Wasaksoni watakuwa taifa moja, na aliyemtibu shujaa wao anafungasha mizigo. Historia ilimthibitishia Rebecca hofu yake: mwaka 1290 mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote nchini Uingereza.

Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipimo cha tamthilia yoyote ya Ivanhoe. Usianze kwa kuhesabu farasi. Tazama kama Rebecca amepewa nafasi ya kuaga, na kama kuaga kwake kunaifanya harusi ionekane ndogo kidogo. Msimulizi wa Scott alihakikisha hivyo: katika kurasa za mwisho anadokeza kwamba Ivanhoe aliishi kwa furaha na Rowena, lakini huenda alimkumbuka Rebecca mara nyingi kuliko ambavyo mkewe angependa. Runinga haina sentensi hiyo. Itahitaji uso wa mwigizaji kuibeba.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Mwalimu, usiwakataze wanafunzi kutazama kitabu kikiigizwa. Ukiwakataza watatazama kwa siri, nawe utakuwa umepoteza nafasi ya kufundisha. Waache wasome kwanza, kisha watazame wakiwa na kalamu, na waorodheshe mambo matatu: kilichoongezwa, kilichoondolewa, na sauti ya msimulizi ilikokwenda. Orodha ya tatu ndiyo itakayowafunza fasihi.

Nawe mtahiniwa, kumbuka kwamba swali la mtihani hukuuliza kuhusu mwandishi. Mwelekezi anaweza kuwa amekifanya kisa kiwe kitamu zaidi, lakini hayumo katika swali. Kabla ya kuandika hoja, jiulize: jambo hili nililisoma au nililiona? Kama uliliona tu, rudi kitabuni. Pengine utalikuta. Pengine utakuta, kama katika kifo cha Bois-Guilbert, kwamba kitabu kilisema kinyume chake kabisa.

Maswali ya mjadala

1. Chagua onyesho moja katika riwaya teule unayoisoma ambapo msimulizi anatoa hukumu kuhusu mhusika. Eleza jinsi ungelionyesha katika runinga bila kutumia sauti ya msimulizi.

2. "Kubadilisha tukio si lazima kuwe ni kubadilisha maana." Jadili kauli hii kwa kurejelea kifo cha Bois-Guilbert katika riwaya na katika filamu ya runinga ya 1982.

3. Fafanua tofauti kati ya taharuki na kinaya, kisha ueleze kwa nini mhusika aliyejificha huleta taharuki kitabuni na kinaya kwenye runinga.

4. Linganisha jinsi kisa cha kale kilivyogeuzwa katika Kifo Kisimani na jinsi Ivanhoe ilivyogeuzwa katika filamu ya 1952. Ni nani aliyeongeza maana, na ni nani aliyeipunguza?